Mwanya Juu ya Ukuta: Mjadala wa Nyumba za Wakimbizi Kando ya Ziwa Mweru

Kando ya Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na Kashikishi kwenda kaskazini hadi Mununga na Chiengi, watu wana nsaka: kibanda cha wazi kilichoezekwa nyasi, nguzo tupu bila kuta, ambamo wazee huketi, kesi husikilizwa na wageni hupokewa. Ni jengo dogo linaloijua kazi yake. Kivuli kipo, upepo wa ziwa unapita, na anayepita njiani anaona nani yumo na anasikia anachosema. Mambo ya nyumba za wakimbizi yamezoea kuamuliwa vyumbani, mbali na ziwa, na watu ambao hawatalala humo hata usiku mmoja. Kwa hiyo mjadala huu nauleta nsakani. Sauti nitakazozipa nafasi si za watu fulani. Ni hoja zinazorudi kila suala hili linapozuka, na kila moja nimeiacha iseme kwa nguvu zake kabla sijaijibu. Msimamo wangu nautanguliza. Naamini usanifu wa majengo unaweza kuinua maisha ya mhamiaji maskini, ila kwanza apewe muda wa kukaa unaojulikana na uamuzi ubaki mikononi mwake. Kisha msanifu alete vile vitu vichache ambavyo fundi wa kijijini hajawahi kuonyeshwa. Umbo la nyumba, idadi ya vyumba na upande wa mlango, mwenye nyumba anavijua.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mwishoni mwa Agosti 2017, watu wa Pweto, Moba na sehemu nyingine za Haut-Katanga na Tanganyika, huko Kongo, walianza kuingia Zambia kwa maelfu kupitia Chiengi wakikimbia mapigano. Walipokelewa Kenani, kituo cha muda wilayani Nchelenge, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa Mantapala, makazi mapya yaliyofyekwa msituni katika wilaya hiyohiyo. Zambia si ngeni katika kazi hii. Mayukwayukwa ilifunguliwa mwaka 1966, Meheba mwaka 1971, na zote zipo hadi leo. Desturi yake imekuwa kumpa mkimbizi kiwanja na mahali pa kulima badala ya kumzungushia ua, na Mantapala ilipangwa kwa desturi hiyo. Hata wageni wenyewe hawakuwa wageni kabisa: Wabwile wako Pweto na wako Chiengi, na Kiswahili cha Katanga kimekuwa kikisikika katika masoko ya samaki ya Mweru kwa muda mrefu, bega kwa bega na Kibemba.

Afisa wa serikali anaanza, na ni haki yake, kwa kuwa ardhi ni ya nchi yake. "Ndugu zangu, tusidanganyane. Mgeni ukimjengea nyumba ya tofali na bati, umemwambia asirudi kwao. Tuliwapokea watu wa Kongo pale Kala, Kawambwa, na pale Mwange, Mporokoso. Amani ilipopatikana walirudi, na mwaka 2010 tukazifunga kambi zote mbili. Tungewajengea mji, leo tungekuwa na mji usio na watu." Maneno haya yana uzito, na anayeyasema amebeba mzigo ambao mataifa tajiri hayajaubeba. Lakini hesabu yake imekatwa mapema. Kati ya kufungwa kwa Kala na Mwange na kuvuka kwa watu mwaka 2017 ilipita miaka saba tu. Mtoto aliyerudishwa akiwa na miaka mitano alikuwa na kumi na miwili njia ileile ilipojaa watu tena. Kinachoitwa cha muda, katika ukanda huu, hujirudia. Na kila kinapojirudia hununuliwa upya, kwa kuwa turubai la plastiki likipigwa na jua la mkoa huu wa Luapula misimu miwili huanza kukauka, kupasuka na kuvuja.

Kuna ushahidi mwingine upande wa Tanzania. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walijenga, wakalima, na kufikia mwaka 1985 walihesabiwa kuwa wanajitegemea. Baada ya miaka thelathini na zaidi walipoulizwa wachague, makumi ya maelfu walirudi Burundi, wakaacha nyumba, migomba na makaburi ya wazazi wao. Waliobaki, wapatao 162,000, walithibitishiwa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Nyumba haikuwazuia waliotaka kurudi. Na hao waliobaki, wengi wao walikuwa hawajawahi kuishi mahali pengine. Kwa hiyo afisa akiogopa kwamba ukuta imara utamfunga mtu, naomba aangalie upande wa pili wa jambo hilohilo: mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hachomi tofali. Hujenga kibanda cha kupitishia mvua moja, hulala humo miaka kumi, na watoto wake huugulia humo. Karatasi inayosema kiwanja hiki ni cha familia hii kwa miaka kumi, hata wakirudi Kongo mwaka wa tatu, haiipunguzii Zambia hata shubiri moja ya ardhi. Wakiondoka, kiwanja na kuta vinabaki kwa Zambia.

Sasa anasimama msanifu majengo, na ana picha nyingi. "Taaluma yetu imefanya mambo," anasema. "Shigeru Ban wa Japani aliwabunia wakimbizi wa Rwanda vibanda vya mirija ya karatasi. Alipata tuzo ya Pritzker mwaka 2014. Baadaye UN-Habitat ilimwita kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, Turkana, Kenya. Leteni wabunifu Mweru, mtaona." Namheshimu Ban, na kwa sababu hiyo nataka kisa cha Rwanda kisimuliwe kuanzia mwanzo wake. Baada ya 1994, wakimbizi waligawiwa maturubai na kuambiwa watafute miti ya kuyatandazia. Wakakata miti hadi vilima vikabaki uchi. Ili kuokoa misitu wakaletewa nguzo za alumini. Wakaziuza, kwa kuwa alumini ilikuwa pesa na familia ilihitaji pesa, kisha wakarudi kukata miti. Hapo ndipo karatasi ilipoingia: kitu cha kusimamishia turubai ambacho hakuna atakayekinunua. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vilisimamishwa Byumba. Wengi humaliza kisa hiki kwa kusifu karatasi. Mimi hunisimamisha ile alumini. Mkimbizi aliyeuza nguzo alikuwa amefanya uamuzi wa kisanifu ulio kamili: alipima kati ya nguzo nzuri na sufuria ya chakula, akachagua. Ubunifu ulioletwa baada ya hapo ulitafuta namna ya kumnyima uchaguzi huo. Ulikuwa werevu mkubwa, na uliokoa miti, lakini haukumpa mtu yule kitu alichokuwa akikitafuta alipouza nguzo.

Historia ina funzo la zamani zaidi. Katika miaka ya 1940 Hassan Fathy alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor, Misri, kwa matofali ya udongo na mapaa ya kuba. Hadi leo wanafunzi wa usanifu hukisoma, na majengo yake yana utulivu wa ajabu. Watu waliokusudiwa walikataa kuhamia. Hawakuwa wameomba kuhama, riziki yao ilikuwa kule walikokuwa, na kuba machoni mwao ilikuwa paa la kaburi. Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kiasi hicho. Wazee wetu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, wanakumbuka jinsi mpango mzuri wa ramani unavyoweza kumweka mtu mbali na shamba lake. Ila haki ni haki: upo pia mfano wa Gando, Burkina Faso, ambako Francis Kéré, mwana wa kijiji hicho, alijenga shule iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji wenyewe ndio waliobeba mawe na kutengeneza matofali ya udongo, na paa la bati aliliinua juu ya dari ili hewa ya moto itoroke. Fathy na Kéré wote walitumia udongo na wote walikuwa na kipaji. Walichotofautiana ni kwamba Gando ilikuwa ikiihitaji shule, na waliopaka udongo mikononi walibaki na ujuzi wa kujenga nyingine.

"Na mimi niseme, baba zangu?" Ni sauti ya mama aliyevuka kutoka Pweto. "Nyumba najua kujenga. Tofali najua kufyatua, nyasi najua kukata, mume wangu anapandisha paa. Nisichokijua ni kwa nini watoto wanaugua kila mwezi, wakati chandarua ninacho." Hili ndilo swali ambalo msanifu anapaswa kuachia picha zake ili alijibu. Nchelenge ni mojawapo ya wilaya zenye malaria nyingi kuliko nyingine Zambia. Watafiti wa TDRC, kituo cha utafiti wa magonjwa ya tropiki cha Ndola, na wenzao wamekuwa wakiifuatilia kwa zaidi ya miaka kumi; vyandarua vimegawiwa, dawa imepuliziwa kutani, na bado ugonjwa uko juu. Mbu mkuu wa huko ni Anopheles funestus, ambaye kwa kawaida huuma usiku wa manane, watu wakiwa wamelala ndani.

Tumfuate mbu huyo hadi nyumbani kwa mama. Ukuta umejengwa kwa tofali bichi na kukandikwa vizuri. Juu yake limekaa paa la nyasi juu ya boriti, na kati ya ukuta na paa pameachwa mwanya wa upana wa kiganja, kuzunguka nyumba nzima. Fundi aliuacha kwa makusudi: ndipo moshi unapotokea, ndipo joto linapopumulia. Lakini pumzi na harufu ya waliolala hutoka papo hapo pia. Mbu huifuata, hugota ukutani, na badala ya kurudi nyuma hupanda ukuta hadi anakutana na mwanya, akaingia. Ukiwaambia watu wauzibe kwa udongo, watauziba wiki moja, kisha nyumba itajaa moshi na joto, watautoboa tena. Na watakuwa na haki. Kazi ya usanifu iko hapo, katika kiganja kile kimoja: kuziba mwanya na wakati huohuo kufungua madirisha mawili yanayotazamana yenye wavu wa waya, kuweka wavu mwingine kwenye pembetatu ya paa, na kulihamishia jiko nje chini ya upenu.

Haya yamejaribiwa. Kijijini Magoda, Muheza, mkoani Tanga, wasanifu kutoka Denmark na watafiti wa afya walijenga nyumba sita za mfano, nyingine za ghorofa, zenye kuta zinazopitisha hewa na zisizopitisha mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha mbu wachache sana ndani, hasa katika nyumba ambazo watu walilala juu, na usiku ulikuwa wa baridi zaidi. Baadaye zikajengwa nyumba 110 za aina hiyo katika vijiji vya Mtwara ili kupima afya ya watoto wenyewe. Gambia, utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuweka wavu milangoni na kuziba mianya ya paa kulipunguza upungufu wa damu kwa watoto. Lakini nisifiche upande wa pili. Utafiti mwingine wa Gambia, uliotolewa mwaka 2021, ulichukua mamia ya nyumba, ukaziezeka bati, ukaziba mianya, ukaweka milango ya wavu, na watoto wote, wa nyumba hizo na wa nyumba za kulinganishia, wakapewa vyandarua. Malaria haikupungua zaidi ya pale vyandarua vilipoishia. Anayepinga ana haki ya kulileta jambo hili nsakani. Jibu langu ni kwamba Gambia ya leo ina malaria kidogo ikilinganishwa na Nchelenge, na chandarua kikifanya kazi yake vizuri kinauachia ukuta nafasi ndogo ya kuonyesha kazi yake. Kando ya Mweru chandarua kina mshindani: si siri kwamba katika maziwa ya Luapula vyandarua vingine vimeishia majini vikivulia dagaa, wale wanaoitwa chisense. Ni ile alumini ya Rwanda imerudi. Ukuta ulioziba vizuri hauuzwi wala hauvui samaki. Sidai kwamba utamaliza malaria. Nadai unafaa kujengwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukuta utajengwa vyovyote vile, na kuongeza waya na udongo wa kichuguu kwenye nyumba inayojengwa ni rahisi kuliko kuirudia baada ya miaka mitatu.

Mvuvi wa Mununga amesikiliza kimya. "Mnasema wakimbizi, wakimbizi. Mimi nimezaliwa hapa na nyumba yangu ina mwanya uleule. Tena mimi nahama kuliko hao. Nafuata samaki, nalala kambini ufukweni chini ya nyasi, na Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi ukifungwa sina hata cha kuuza. Nani ataniletea waya?" Hapa sina pingamizi, isipokuwa kuongeza kwamba amegusa kosa la msingi la misaada mingi: kuchora duara kuzunguka kambi na kuita kila aliye nje mwenyeji, kana kwamba mwenyeji hana mbu. Mhamiaji maskini wa Mweru hana bendera moja. Yuko wa Pweto, yuko aliyetoka Bangweulu kufuata dagaa, yuko mvuvi wa Mununga anayehama na msimu. Mafunzo ya mafundi yakifanyika Mantapala peke yake yatazaa wivu. Yakifanyika pia Mununga na Kashikishi, fundi wa Kibemba na fundi wa Kikongo wakifyatua tofali pamoja, yatabaki hata siku ambayo Mantapala itafungwa.

Mwisho anazungumza mchumi, na hoja yake ndiyo inayonisumbua zaidi. "Nyumba si chakula. Mkimbizi anahitaji kibali ili atoke nje ya makazi, soko liko mbali, mtaji hana. Mpe ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, nyumba atajijengea. Pesa mnayotaka kuitia kwenye kuta, itieni kwenye biashara." Ni kweli kwamba sheria ya wakimbizi ya Zambia ya mwaka 2017 bado inafunga mlango huo nusu, na hakuna dirisha la wavu litakaloufungua. Nakubali kwamba kama ingebidi kuchagua kimoja, ruhusa ya kutembea ingetangulia. Lakini mchumi anaiona nyumba kama kitu kinachonunuliwa, na anasahau kwamba kuijenga ni kazi yenye malipo. Kalobeyei, kuanzia mwaka 2018, familia za wakimbizi zilipewa fedha mkononi kwa awamu, zikanunua vifaa zenyewe na kuajiri mafundi zenyewe. Fedha ile ilipita kwa muuza mabati, kwa mfyatua tofali, kwa seremala, wengine wakimbizi na wengine Waturkana, badala ya kuishia kwa kampuni iliyosafirisha vibanda vilivyokamilika kutoka ng'ambo. Mantapala inaweza kufanya hivyo, kwa tahadhari moja: tofali za kuchoma hula kuni, na msitu uliofyekwa tayari umefyekwa vya kutosha. Matofali ya kushindilia kwa mashine ya mkono, yenye saruji kidogo, ambayo Tanzania imeyaeneza kupitia wakala wake wa utafiti wa nyumba bora, hayahitaji tanuri. Yanafaa kwa misingi na mistari mitatu ya chini, ambapo mvua inayodondoka kutoka kwenye paa huruka na kumega tofali bichi hadi ukuta unainama. Sehemu ya juu, tofali bichi linatosha, mradi upenu uwe mrefu. Na atakayemudu bati, ambalo kule huitwa malata, aonyeshwe jinsi ya kuliacha lipumue, kwa sababu bati lililofungwa juu ya chumba kidogo hugeuza mchana kuwa tanuri.

Mama wa Pweto ana swali la kumalizia: hizo fedha za awamu zitakuja lini? Anauliza kwa sababu ujenzi una kalenda yake. Tofali hufyatuliwa mvua zikishakatika, kuanzia Mei, wakati udongo bado una unyevu na jua lina nguvu ya kulikausha. Nyasi za kuezekea hukatwa zikishakomaa na kukauka, kabla moto wa kiangazi haujazipitia. Paa liwe limepanda kabla ya Oktoba kwisha. Uvuvi uko wazi miezi hiyo yote, kwa hiyo mwanamume mwenye mtumbwi atagawa siku zake kati ya ziwa na ukuta. Fedha ikichelewa kwenye makaratasi ya wafadhili na kufika Novemba, tofali zilizopangwa uwanjani zitanyeshewa zikiwa bichi, na familia italala mwaka mwingine chini ya turubai. Kwa hiyo awamu ya kwanza iwe mikononi mwa familia kufikia mwisho wa Aprili. Waya wa madirisha uje pamoja nayo, kabla mafundi hawajapandisha ukuta.